Mwongozo kamili wa kuandika hadithi ya kachero sugu: anza na pesa, maiti ije baadaye

Vitabu vya upelelezi nilivyovisoma utotoni vilinifikia vimeshachoka. Vilikuwa vimepita mikono ya mtaa mzima, majalada hayapo, na mara nyingi kurasa za mwisho zilikuwa zimeng'oka. Nilimaliza hadithi nyingi bila kumjua muuaji, na bado nikazirudia kuzisoma. Miaka mingi baadaye nikakuta Raymond Chandler, mwandishi wa Kimarekani wa hadithi za upelelezi, katika utangulizi aliouandika mwaka 1950, akisema kwamba hadithi bora ya mauaji ni ile ambayo ungeisoma hata kama mwisho wake haupo. Nilimwelewa palepale.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuandika hadithi ya aina hiyo kwa Kiswahili, ya maneno elfu tano hadi elfu nane. Nitatumia mfano mmoja wa kubuni kutoka mwanzo hadi mwisho, ili kila hatua uione ikifanya kazi.

Kwanza jua unachoandika

Sisi tuna mpelelezi wetu wa zamani, Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla. Alianza na *Mzimu wa Watu wa Kale*, riwaya iliyoshinda shindano la uandishi la 1957/58 na kuchapishwa mwaka 1960. Bwana Msa ana kiko chake na utulivu wake. Anafikiri, kisha anakufungulia fumbo. Ni wa ukoo wa Sherlock Holmes. Ukiupenda ukoo huo uandike, ila fahamu kwamba kachero sugu ametoka nyumba nyingine.

Huyu amezaliwa Marekani, kwenye majarida yaliyochapwa kwa karatasi duni iliyogeuka njano upesi. Jarida lililomlea ni *Black Mask*, lililoanzishwa mwaka 1920. Mwaka 1923 Carroll John Daly na Dashiell Hammett wakaanza kumchora humo, na mhariri Joseph Shaw, aliyelishika jarida kuanzia 1926 hadi 1936, akaupa mtindo huo nidhamu yake. Ulikuwa wakati wa marufuku ya pombe, 1920 hadi 1933. Wauza pombe haramu walitajirika, wakanunua polisi, wakanunua mahakimu, wakanunua viti vya siasa. Msomaji wa jarida la bei chee aliyaona hayo mtaani kwake. Usingeweza kumwambia kwamba mji umetulia na kuna mtu mmoja tu mbaya anayejificha maktabani.

Hapo ndipo njia zinapoachana. Katika hadithi ya fumbo, kifo kinauvuruga mji uliotulia, na mwenye akili anaurudisha ulivyokuwa. Katika hadithi ya kachero sugu, mji ulishaoza siku nyingi. Maiti ni harufu tu iliyopenya nje. Ukilikosea hili, hatua zote zinazofuata hazitakusaidia.

Hatua ya 1: Tafuta pesa

Usianze na maiti. Anza kwa kujiuliza ni pesa gani inapita mahali hapa, inapitia mikono ya nani, na nani atapoteza nini ikisimama.

Itazame *Red Harvest* ya Hammett, iliyotoka kwa sehemu ndani ya *Black Mask* kuanzia Novemba 1927 na kuwa kitabu mwaka 1929. Mwenye gazeti anauawa kabla hata hajaonana na kachero aliyemwita. Lakini mzizi uko nyuma zaidi: baba yake, mwenye mgodi na karibu mwenye mji wenyewe, aliwahi kuleta majambazi wavunje mgomo wa wafanyakazi. Mgomo ukavunjika. Majambazi hawakuondoka. Mauaji yote ya kitabu kile yanachipuka kwenye uamuzi huo mmoja wa kibiashara.

Mfano wetu ni huu. Tuko Dar es Salaam, upande wa Kurasini, kwenye bandari kavu ya mzee mmoja tajiri. Makontena ya vitenge vipya yanaandikwa kuwa ni mitumba ili ushuru upungue. Karani kijana ametunza nakala za nyaraka halisi kwenye bahasha. Anauawa ofisini. Mlinzi wa getini anakamatwa. Kesho yake mzee anamwita kachero wetu, si amtafute muuaji, bali aitafute bahasha.

Sasa uliza: tungeiondoa hiyo biashara ya vitenge, kifo hiki kingetokea? Kisingetokea. Pesa yetu imekaa mahali pake.

Hatua ya 2: Andika kwanza hadithi ya muuaji

Kila hadithi ya upelelezi ina hadithi mbili: ya muuaji, iliyokwisha kutokea, na ya kachero anayeifuata kwa nyuma. Wengi wetu huandika ya pili kwanza, tukitumaini ya kwanza itajitokeza njiani. Haijitokezi. Unafika ukurasa wa arobaini unaanza kubuni mapacha.

Chukua karatasi uandike ratiba ya muuaji saa kwa saa, kama taarifa ya zamu. Yetu inasomeka hivi: saa moja na dakika arobaini usiku karani anapokea chai yake, bado mzima. Mzee anafika, wanabishana juu ya bahasha, anampiga kichwani. Saa mbili na dakika kumi gari la mzee linatoka getini, na mlinzi analiandika. Saa tatu na dakika tano mama ntilie analeta chakula cha zamu. Saa nne mzee anaingia ukumbini kwenye harusi ya mpwa wake, anacheza, anatunza, anapigwa video mpaka saa tisa usiku. Saa kumi na mbili asubuhi mfagiaji anaikuta maiti.

Ratiba hii haitaonekana ndani ya hadithi. Ipo ili usidanganye bila kujijua. Na hakikisha mwili unaafikiana nayo. Maiti huanza kukakamaa taya na shingo saa chache tu baada ya kifo, na kukakamaa kote huchukua saa nyingi zaidi. Joto la Pwani huharakisha. Kwa hiyo ukisema maiti ya karani ilikuwa imekakamaa hadi vidole vya miguu saa kumi na mbili asubuhi, msomaji makini atajua kwamba hakufa alfajiri ile. Daktari wako akisema "alifariki saa mbili na dakika kumi kamili," umemgeuza mganga wa ramli.

Hatua ya 3: Mpe kachero kazi, bei na mstari

Hammett alijua anachoandika kwa sababu alikuwa mpelelezi wa kampuni ya Pinkerton tangu mwaka 1915. Kachero wake wa mwanzo hana hata jina. Ni mtu mfupi mnene, mwajiriwa, anaandika ripoti, anatunza hesabu za safari. Ule ukawaida wa kazi ndio unaomfanya aaminike.

Wa kwetu amewahi kuwa sajenti wa polisi, na kabla ya hapo alikuwa mlinzi wa getini. Siku hizi anatafuta magari yaliyoibwa kwa niaba ya makampuni ya bima. Ana pikipiki, simu mbili, na deni la kodi ya nyumba la miezi miwili. Usimvike koti refu na kofia. Hayo ni mavazi ya San Francisco, na Dar es Salaam mtu wa namna hiyo angezimia kabla ya kufika Mnazi Mmoja.

Kisha andika kwa sentensi moja jambo ambalo hatalifanya kwa bei yoyote. Huo ndio mstari wake. Wa kwetu hatamwacha mtu afungwe kwa maandishi anayojua ni ya uongo. Bila mstari huo utakuwa na mkatili anayejibu watu vibaya, na ukatili peke yake haufikishi msomaji ukurasa wa kumi.

Neno moja kuhusu wanawake, maana hapa hadithi nyingi za majarida yale zilikosea, na nyingi za kwetu zikaiga kosa. Mrembo anayeingia ofisini ili tu kumponza kachero ni pazia, hana uhai. Mpe dai lake. Katika mfano wetu, dada wa karani ndiye aliyeficha bahasha, na anamdanganya kachero kwa sababu nzuri kabisa: kachero ameajiriwa na mzee.

Hatua ya 4: Sauti

Hapa nitakaa, maana hapa ndipo Kiswahili kinapokupa silaha ambayo Hammett hakuwa nayo.

Una njia mbili. Ya kwanza ni nafsi ya kwanza, kachero anasimulia mwenyewe. Ya pili ni ile ya *The Maltese Falcon* (1930), riwaya ya Hammett, ambako tunaona mikono, nyuso na sigara inavyosokotwa, lakini hatuingii kamwe kichwani mwa mtu. Anza na nafsi ya kwanza. Ile ya pili inadai mkono uliozoea.

Sasa tazama kitenzi. *Li* huweka jambo mezani. *Ka* hulisukuma mbele. Waandishi wanaoanza hubandika "alikuwa ameanza ku-" na "kulikuwa na jambo ambalo lilikuwa lina-" mpaka sentensi inakoroma. Kachero anaingia kwenye ofisi yenye maiti:

"Nilikuwa nimeanza kuhisi hofu kubwa sana moyoni mwangu kwa sababu ofisi ile ilikuwa na hali ya kutisha ambayo ilionyesha kwamba kulikuwa na jambo baya lililokuwa limetokea."

Linganisha na hii:

"Nilisukuma mlango kwa kiwiko. Feni inazunguka. Mezani kikombe cha chai ya maziwa, utando umeshaganda juu. Nikakigusa. Baridi. Nikazunguka meza, nikaona soli ya kiatu, nikaona soksi, nikaacha kutazama nikaanza kuhesabu: droo tatu, mbili wazi."

Ya pili haina neno hofu, na hofu imejaa. Mtu anayehesabu droo mbele ya maiti anajizuia asifanye jambo jingine. Angalia pia kazi ya *ka*: nikakigusa, nikazunguka, nikaona. Kila *ka* ni hatua ya mguu. "Feni inazunguka" imeachwa bila *li* yoyote, ili feni iendelee kuzunguka msomaji akiwa chumbani.

Tashbihi ni kiungo kikali. Moja kwa ukurasa inatosha, nayo itoke kwenye maisha ya kachero. "Alinitazama kama karani wa benki anavyoitazama noti iliyochanika." "Kukawa kimya, kama daladala trafiki anapochungulia dirishani." Ukijikuta unaandika kuhusu theluji au pombe ya mahindi ya Kentucky, futa.

Hatua ya 5: Mahojiano, na salamu kama silaha

Katika hadithi za Kimarekani kachero huingia na kuuliza swali papo hapo. Kwetu haiwezekani, na hilo ni faida. Mswahili hawezi kumhoji mtu bila kumsalimu, na salamu ina cheo ndani yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa, mwanangu. Umekunywa chai?"

"Nimekunywa. Gari lako lilitoka getini saa ngapi usiku ule?"

"Polisi wameandika."

"Wameandika. Wewe unasemaje?"

Akaivuta sinia karibu yangu. "Mimi nasema unywe chai."

Hakuna aliyepaza sauti, na tayari mmoja amemkataza mwenzake. *Mwanangu* limemweka kachero mahali pake. Kwenye sura ya mwisho kachero yuleyule ataingia chumba kilekile na kusema, "Habari yako." Basi. Msomaji wa Kiswahili atashtuka kuliko angesikia risasi, na mzee ataelewa kwamba mambo yamekwisha kabla hajaulizwa kitu.

Methali nazo usimpe kachero. Wape wenye nguvu, maana mkubwa anayetisha hupenda kusema kwa mafumbo ili kesho aseme hakutisha. Mzee wetu anapohisi kachero anateleza mkononi, anaisogeza bahasha ya pesa na kusema polepole, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Ni rushwa, ni onyo, na mahakamani ni nasaha tu.

Kila anayehojiwa awe anataka kitu: aondoke, alipwe, asifiwe, asionekane na jirani. Anayejibu maswali kwa sababu tu mwandishi anahitaji majibu atasikika hivyohivyo.

Hatua ya 6: Weka dokezo wazi, kisha mshughulishe msomaji

Dokezo la haki ni lile ambalo msomaji aliliona mapema akalipita. Namna ya kulificha ni kuliweka katikati ya orodha ya vitu vya kawaida, kisha mara moja kuleta kitu chenye kelele.

Dokezo letu liko kwenye daftari la mlinzi. Mapema kabisa kachero analifungua na kuona:

"12.35 lori la maji limetoka. 1.40 chai ya ofisini imeingia. 2.10 Prado nyeupe ya bosi imetoka. 3.05 mama ntilie chakula cha zamu."

Halafu simu inaita: nyumba ya dada wa karani imevunjwa. Msomaji anakimbia naye, daftari linabaki nyuma.

Ripoti iliyochapwa kituoni inasema gari lilitoka "02:10". Saa nane na dakika kumi usiku mzee yuko kwenye video ya harusi, na gari lake linaonekana limepaki nje ya ukumbi. Basi mlinzi ameandika uongo, basi mlinzi ndiye. Ndiyo maana yuko mahabusu.

Kachero wetu, aliyewahi kuandika daftari la namna hiyo kwa mkono wake, anakuja kulisoma tena. Mlinzi aliandika kwa saa zetu. Mbili na kumi ni saa mbili usiku. Na kama unabisha, tazama mstari wa chini yake: hakuna mama ntilie anayepeleka wali saa tisa ya usiku wa manane. Dokezo hili haliwezi kutafsiriwa, na nalipenda kwa sababu hiyo. Tafuta lako lililofungwa ndani ya lugha na desturi zetu. Yapo mengi ambayo hakuna aliyeyagusa.

Je, aliyechapa ripoti alikosea au alilipwa? Usilijibu haraka. Swali hilo ndilo mji wenyewe.

Hatua ya 7: Bastola na vipigo

Chandler alieleza kwamba kwenye majarida yale, mwandishi akikwama aliweza kumwingiza mtu mlangoni na bastola mkononi. Ilifaa kwa sababu hadithi ilihitaji kusonga. Wewe ukimwingiza, hakikisha mtu huyo ametumwa na pesa ya hatua ya kwanza.

Hesabu risasi. Bastola ya mzunguko kwa kawaida hubeba sita, na haitemi maganda sakafuni. Zile zenye magazini hutema. Mtu aliyepigwa rungu kichwani haamki baada ya dakika mbili akakimbiza pikipiki. Anatapika, anaona mataa mawili pale penye moja, na kesho yake bado anaumwa. Majeruhi akienda hospitali ataulizwa fomu ya polisi, PF3, na kwa kachero asiyetaka polisi wajue aliko, hilo ni tatizo linaloweza kukupa tukio zima.

Hatua ya 8: Mwisho wenye gharama

Katika *The Maltese Falcon* kachero Sam Spade anamkabidhi kwa polisi mwanamke ambaye huenda anampenda, kwa sababu amemuua mshirika wake wa kazi. Anajua atalala vibaya. Mwisho wa namna hii hulipwa na kachero mwenyewe.

Wetu analipeleka daftari halisi mahakamani kwa mkono wake, akijua mteja wake ndiye atakayefungwa nalo. Mlinzi anatoka mahabusu baada ya siku tisa, kazi imeshapewa mwingine. Kachero anarudisha malipo ya awali ya mzee, akitoa tu mafuta ya pikipiki aliyotumia, na anaambatanisha risiti. Pale kituoni mchapaji yuleyule bado yupo mezani, anaandika ripoti ya mtu mwingine.

Usimwache kachero akaeleza maana ya yote hayo. Risiti ya mafuta imeshasema.

Kujizoeza na kurekebisha

Chandler alianza kazi hii akiwa mtu mzima, baada ya kufukuzwa kwenye kampuni ya mafuta mwaka 1932. Alijifunza kwa kuchukua hadithi ya Erle Stanley Gardner, mwandishi mwingine wa upelelezi, kuifupisha kwenye karatasi, kuiandika upya kwa maneno yake, kisha kulinganisha ameshindwa wapi. Hadithi yake ya kwanza, iliyotoka *Black Mask* Desemba 1933, ilimchukua miezi mitano kwa malipo ya senti moja kwa neno. Fanya zoezi hilo na hadithi yoyote unayoipenda, ubaki nalo nyumbani, usilichapishe.

Rasimu yako ikikamilika, ilaze wiki moja. Kisha isome na ratiba ya muuaji mkononi na upige tiki kila saa. Pita mara ya pili ukiwinda "alikuwa ame-" na "sana" peke yake. Pita mara ya tatu kwa sauti, mazungumzo tu. Ukishindwa kujua nani anasema bila kutazama jina, wahusika wako wanazungumza kwa mdomo mmoja.

Mwisho, mpe msomaji mmoja rasimu isiyo na ukurasa wa mwisho, kama vile vitabu vyangu vya utotoni. Usimuulize kama ameipenda. Muulize ni tukio gani analikumbuka. Akitaja chai ya mzee au daftari la getini, mpe ukurasa uliobaki. Akikuuliza tu muuaji ni nani, rudi hatua ya nne.